Kuseti shokapu za pikipiki kwa mwendeshaji mwepesi: mwongozo kamili

Boxer, TVS HLX na pikipiki nyingine za cc 125 na 150 zilizojaa barabara za Afrika Mashariki hazikupangwa kwa ajili ya mtu mmoja wa kilo 50. Zimepangwa kubeba dereva, abiria na gunia la mahindi kwenye barabara ya vumbi bila shokapu kugonga chini. Mpandishe juu yake binti wa kilo 48 anayekwenda kazini peke yake, na springi zilezile zinazosifiwa na bodaboda zitamrusha kila tuta. Gurudumu la nyuma linadunda badala ya kufuata barabara, kiuno kinauma, na kwenye kona yenye kokoto tairi linateleza kwa sababu nusu ya muda halijagusa ardhi sawasawa. Akilalamika, anaambiwa atazoea.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kilo 45 hadi 60 hivi, anayeendesha peke yake muda mwingi. Mifano yangu ni ya pikipiki zenye shokapu mbili nyuma na za kawaida mbele, zile zisizo na skrubu za kurekebishia. Fuata mpangilio huu: upepo, misuguano, oili, vipimo, na manunuzi mwishoni. Watu wengi huanza na manunuzi, wakatoa pesa kutibu ugonjwa ambao haukuwa wa springi.

Jipime uzito ukiwa umevaa kama unavyovaa barabarani: helmeti, buti, jaketi, begi la mgongoni. Kilo za bafuni hazitusaidii hapa. Andaa futi ya chuma, kalamu na daftari, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, tai mbili ndogo za plastiki, kipimo cha upepo, na ile spana yenye ndoano inayokuja na pikipiki (kama mwenye pikipiki wa kwanza hakuipoteza). Utahitaji pia msaidizi mmoja.

Anza na upepo

Hii ni kazi ya dakika tano, na kwa mtu mwepesi inaleta tofauti kuliko unavyodhani. Vijana wa kujaza upepo wamezoea pikipiki za mizigo. Wanajaza mpaka tairi lilie ukiligonga. Pikipiki nyingi za daraja hili huhitaji takriban psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, kisha nyuma hupandishwa hadi 32 au zaidi ukiwa na abiria. Namba halisi ya pikipiki yako iko kwenye kitabu chake au kwenye stika iliyobandikwa karibu na kava ya cheni. Pima asubuhi matairi yakiwa baridi. Ukikuta psi 40 nyuma, rudisha panapotakiwa na uendeshe siku mbili kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Usishuke chini ya namba ya kitabu ukitafuta ulaini zaidi: kwenye shimo lenye ukingo mkali rimu itapinda, na tyubu itabanwa ipasuke.

Misuguano: adui mkubwa wa mtu mwepesi

Mtu wa kilo 90 analazimisha shokapu kavu kufanya kazi kwa uzito wake. Wewe huna uzito huo wa kupoteza. Kama bushi za nyuma zimejaa tope lililokauka, au shokapu za mbele hazijakaa sambamba, sehemu ya uzito wako inaisha kwenye kupambana na msuguano kabla springi haijabonyea hata milimita moja. Mtu atasema springi ni ngumu, kumbe haijaanza kufanya kazi.

Nyuma, simamisha pikipiki kwa dabo stendi, fungua bolti za chini za shokapu zote mbili, kisha inua na kushusha gurudumu kwa mkono. Mikono ya chuma inayoshika gurudumu la nyuma inapaswa kupanda na kushuka bila kukwama na bila kuyumba kando. Ikiwa mizito, toa bolti kubwa ya egemeo, safisha, paka grisi, badilisha bushi zilizokwisha, na urudishe kwa mkazo wa kitabu. Fundi aliyekaza bolti hiyo kwa bomba refu amekufungia shokapu nusu. Bushi za mpira kwenye macho ya shokapu nazo zitazame. Zikiwa zimepasuka au chuma kimeanza kusaga chuma, zibadilishwe.

Mbele, futa mabomba ya kromu na upitishe ukucha juu yake. Alama ya kutu au mkwaruzo unaokamata ukucha utakula sili (mpira unaozuia oili isivuje) kila mara. Kisha panga shokapu upya: legeza nati ya ekseli na bolti zinazobana miguu ya shokapu kwenye bamba la chini la usukani, hakikisha zile za bamba la juu zinashika barabara, funga breki ya mbele na ubonyeze usukani kwa nguvu mara kadhaa. Shokapu zitajitafutia mahali pake. Kaza bamba la chini, halafu ekseli. Pikipiki iliyowahi kuanguka mara nyingi inapona nusu ya ugumu wake hapo, bila hata kununua kipuri.

Ukiwa umenunua pikipiki iliyofanya kazi ya bodaboda, kagua pia kama kuna springi ya pili iliyoongezwa, washa nene chini ya springi, au kipande cha chuma kilichochomelewa kuzuia shokapu kubonyea. Vyote hivyo viondoe. Kuseti pikipiki yenye vitu hivyo ni kupoteza muda.

Oili ya mbele

Hapa nina ugomvi na mafundi. Wapo wanaomwaga oili ya injini ndani ya shokapu za mbele, ile 20W-50 iliyobaki kwenye chupa, kwa hoja kwamba "oili ni oili". Ukiangalia uzito wake katika nyuzi 40 za Selsiasi, yaani jinsi inavyotiririka kwa shida, oili hiyo huwa karibu sentistoksi 160 (sentistoksi ndiyo kipimo cha uzito huo), wakati oili ya shokapu ya 10W kwa kawaida iko karibu 30 na ushee. Hiyo ni mara nne au tano zaidi. Shokapu za pikipiki hizi zina matundu madogo yasiyobadilika ambayo oili hupenya wakati wa kubonyea na wakati wa kurudi. Oili nzito ikikutana na shimo kwa kasi haipati muda wa kupenya, na kishindo chote kinakuja mikononi. Kwa dereva mzito mwenye abiria inavumilika. Kwako ni kama kuendesha chuma kitupu.

Kwa mtu wa chini ya kilo 60, anza na 10W kama ndiyo ya kitabu, na ukiona bado usukani unarudi polepole baada ya tuta, shuka hadi 5W au changanya nusu kwa nusu. Oili ziwe za kampuni moja, maana namba ya W ya kampuni moja hailingani na ya nyingine. 10W ya mmoja inaweza kuwa nyepesi kuliko 7.5W ya mwenzake. Ukiweza, soma sentistoksi nyuma ya chupa badala ya kuamini namba kubwa ya mbele.

Kubadilisha ni hivi. Weka pikipiki kwenye dabo stendi na gogo imara chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie. Legeza kwanza bolti ya bamba la juu inayobana mguu wa shokapu, kisha legeza kifuniko cha juu cha shokapu nusu mzunguko tu, mguu ukiwa bado umeshikwa na bamba la chini. Ukisahau hatua hiyo utakuja kuhangaika na bomba linalozunguka mikononi. Toa gurudumu, kaliper kama ipo, na madigadi. Chomoa mguu mmoja, fungua kifuniko taratibu ukiwa umekikandamiza kwa kiganja na uso ukiwa mbali, kwa kuwa springi inakisukuma. Toa springi, geuza bomba juu ya ndoo, pampu mpaka oili yote itoke. Ikiwa nyeusi na inanuka samaki aliyeoza, ilikuwa imekaa humo miaka.

Usipime oili mpya kwa kufuata kiasi kilichotoka, kwani sehemu huenda ilivuja zamani. Mimina kiasi cha kitabu, pampu polepole mara kumi na kitu mpaka viputo viishe, kisha shusha bomba mpaka chini kabisa, springi ikiwa nje, na upime umbali kutoka mdomo wa bomba hadi uso wa oili. Miguu yote miwili lazima ilingane hadi milimita. Hewa iliyobaki juu ya oili nayo ni springi: inavyokuwa ndogo ndivyo mwisho wa mbonyeo unavyokuwa mgumu. Mtu mwepesi anaweza kushusha uso wa oili milimita 5, hata 10, chini ya kipimo cha kitabu ili shokapu itumie mwendo wake wote, yaani umbali wote inaoweza kubonyea. Zaidi ya hapo matundu huanza kuvuta hewa, oili inatoka povu, na udhibiti unapotea.

Shokapu za nyuma za pikipiki hizi hazifunguliwi. Bonyeza siti kwa nguvu na uachie: inapaswa kupanda, ipite kidogo, itulie. Ikiyumba mara mbili tatu, oili ya ndani imekwisha au imevuja na shokapu ni ya kubadilisha. Zile zenye kitungi cha gesi zina naitrojeni yenye presha kubwa. Usizitoboe wala kuzipasha moto, hata kama fundi anasema amefanya hivyo mara mia.

Kupima mbonyeo

Sasa tunafika kwenye moyo wa kazi. Unatafuta namba tatu nyuma na tatu mbele.

Nyuma, bandika tepu kwenye kava ya ubavuni, juu kabisa ya ekseli, na uweke alama. Utapima kutoka katikati ya ekseli hadi alama hiyo, wima. Namba ya kwanza ni gurudumu likiwa hewani. Namba ya pili ni pikipiki ikisimama kwa matairi yake bila mtu. Namba ya tatu ni wewe ukiwa umekaa mahali pako, miguu mahali pa kuikanyagia, msaidizi ameshika usukani. Kwa namba ya pili na ya tatu, pima mara mbili kila moja: bonyeza pikipiki iache ipande taratibu, pima, inyanyue iache ishuke taratibu, pima tena, chukua wastani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo msuguano. Ikizidi milimita 10 hadi 15, rudi kwenye sehemu ya misuguano kabla ya kuendelea.

Mbele ni rahisi zaidi: funga tai ya plastiki kwenye bomba la kromu na upime urefu wa kromu unaoonekana kati ya sili na bamba la chini, katika hali zilezile tatu.

Tuchukue mfano. Mwendeshaji ana kilo 52 na vifaa vyake, gurudumu la nyuma lina mwendo wa milimita 110, na ringi ya shokapu (ile yenye ngazi, inayozungushwa kwa spana ya ndoano kukaza au kulegeza springi) iko ngazi ya chini kabisa. Hewani tumepata 530, bila mtu 524, na mtu 510. Kwa hiyo pikipiki yenyewe inabonyea milimita 6, na mwendeshaji akikaa jumla ni 20. Ni asilimia 18 ya mwendo wote. Kwa barabara za lami tunataka asilimia 25 hadi 30, na kwa barabara mbovu za vumbi hata theluthi moja. Yaani huyu anahitaji 28 mpaka 35, ana 20. Mtu wa kilo 80 kwenye pikipiki hiyohiyo angepata karibu 28 bila kugusa kitu, na ndiye anayekuambia pikipiki haina shida.

Sasa jambo linalopotosha watu wengi. Kuzungusha ringi ya shokapu kwenye ngazi zake tano hakubadilishi ugumu wa springi. Kunainua au kushusha pikipiki tu, na kuamua mbonyeo uanzie wapi. Tazama mfano wetu: kutoka 524 hadi 510 ni milimita 14. Hizo 14 zinatokana na uzito wa mtu na ugumu wa springi, basi. Ungepandisha ringi ngazi mbili, pikipiki ingeinuka, lakini mtu akikaa ingebonyea 14 zilezile, mradi springi isiwe imekazwa kiasi kwamba pikipiki haibonyei kabisa yenyewe. Kwa hiyo tofauti ya namba ya pili na ya tatu ndiyo inayokuambia ukweli kuhusu springi, na ringi haiwezi kuificha.

Kuna mtego mwingine. Ukifaulu kufikisha mbonyeo wako milimita 30 kwa kulegeza ringi, tazama pikipiki inabonyea kiasi gani bila mtu. Ikibonyea sana yenyewe, tuseme 16 au 18, maana yake springi ni ngumu mno kwako. Mtu angefikiri kinyume chake, kwamba springi inayolala bila mzigo ni laini. Lakini imelala kwa sababu ulilazimika kuilegeza mno ili uzito wako mdogo utoshe kuibonyeza. Isipobonyea kabisa bila mtu huku mbonyeo wako uko sawa, springi ni laini mno, ugonjwa ambao mtu mwepesi hana. Nyuma, kati ya milimita 5 na 12 bila mtu ni pazuri. Mbele kunaruhusiwa zaidi, 15 hadi 25, na ukiwa juu yake 30 hadi 35 kwa shokapu yenye mwendo wa 120 au karibu na hapo.

Weka ringi ngazi ya chini kabisa pande zote mbili, ngazi ileile kushoto na kulia, na uone umefika wapi. Shokapu zenye springi iliyobanana mizunguko upande mmoja huwa laini mwanzo na ngumu baadaye. Kwa hizo ngazi ya chini ni ya lazima kwako, kwa sababu kukaza ringi kunamaliza sehemu laini kabla hujaitumia. Mbele, pikipiki nyingi zina kipande cha bomba juu ya springi kinachoikaza. Kukifupisha milimita 5 kunaongeza mbonyeo milimita 5, mradi springi isilegee kabisa gurudumu likiwa hewani. Tunza kipande cha zamani, kata kipya.

Iwapo ngazi ya chini haitoshi

Basi ni springi. Na kabla ya yote: usikubali springi ikatwe. Wapo mafundi wanaokata mizunguko miwili ili "ilainike" na mwenye pikipiki afikishe miguu chini. Springi yenye mizunguko michache ni ngumu zaidi, si laini. Pikipiki itashuka, kweli, halafu itakupiga vibaya kuliko jana.

Unatafuta waya mwembamba. Ugumu wa springi hufuata unene wa waya kwa kipeo cha nne, kwa hiyo tofauti ndogo ni kubwa. Ikiwa upana na idadi ya mizunguko ni ileile, kutoka waya wa milimita 7.0 hadi 6.5 kunapunguza ugumu kwa karibu robo. Kwa mwendeshaji wetu wa kilo 52, zile milimita 14 zinakuwa karibu 19, na kwa kukaza ringi kidogo au kulegeza anafika 28 bila tabu. Nenda dukani na vernia (kifaa cha kupimia unene), pima waya, hesabu mizunguko, linganisha na yako. Shokapu za pikipiki za cc 100 na 110 mara nyingi ndizo zinazomfaa mtu mwepesi, ila hakikisha umbali kutoka jicho hadi jicho na kipenyo cha bolti ni vilevile. Urefu ukitofautiana kwa milimita 10, pikipiki itageuka tabia kwenye kona. Na nunua jozi. Usichanganye mpya na ya zamani.

Pikipiki zenye skrubu za kurekebisha oili zina njia fupi kidogo. Fungua skrubu ya kurudi mlio mmoja au miwili kwa wakati, ukihesabu kutoka ilipofungwa kabisa na kuandika. Springi laini haihitaji kuzuiwa sana wakati wa kurudi, kwa hiyo mtu mwepesi karibu daima huishia upande uliofunguliwa.

Barabarani

Chagua kipande cha kilomita mbili hivi chenye matuta, rasta, shimo unalolijua na kona. Endesha kwa mwendo uleule, badilisha kitu kimoja tu kila mzunguko, andika. Sukuma tai ya plastiki hadi kwenye sili kabla ya kuondoka; ukirudi itakuonyesha shokapu ilitumia mwendo kiasi gani. Baada ya kupiga tuta baya na kufunga breki kwa nguvu, panapaswa kubaki milimita 10 hadi 15. Zikibaki 40, shusha uso wa oili au punguza mkazo. Ikigonga mwisho, umezidisha.

Juu ya rasta sikiliza siti. Ikiwa tuta la kwanza linapita vizuri na ya mbele yanazidi kuwa magumu, shokapu haipati muda wa kurudi kati ya tuta na tuta: oili nzito. Ikiwa pikipiki inaendelea kuchezacheza baada ya rasta kuisha, oili imekuwa nyepesi mno au shokapu imechoka. Usukani ukiwa mzito kuingia kona baada ya kulainisha nyuma, sababu ni kwamba nyuma imeshuka na mbele imebaki juu. Pandisha miguu ya shokapu milimita 5 ndani ya mabamba ya usukani, si zaidi kwa mara moja, na uhakikishe gurudumu haligusi madigadi shokapu ikibonyea yote.

Nyuma ikishuka, ulegevu wa cheni nao hubadilika, kwa hiyo upime ukiwa umekaa. Taa ya mbele pia itakuwa imeangalia juu. Ishushe kabla wanaokuja mbele hawajakutukana.

Siku utakayobeba abiria, pandisha ringi hadi ngazi ya tatu au ya nne na uongeze upepo wa nyuma kama kitabu kinavyosema. Kama umebadilisha springi kuwa laini, ngazi ya tano na mwendo wa polepole kwenye matuta. Abiria wa kilo 90 na mzigo apande pikipiki nyingine.